Sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa miaka mitatu: anza na saa yake ya kulala

Marahaba mwanangu, mleta uzi. Umeeleza kwamba mwanao anatimiza miaka mitatu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mko Dar, nyumba ina uwanja mdogo wa mbele, watoto watakuwa kama kumi na wawili na watu wazima idadi hiyohiyo, na bibi na babu wa pande zote mbili wanakuja. Mwaka jana mtoto alilia tangu wageni wa kwanza walipoingia, na keki ikakatwa akiwa amelala begani kwa baba yake. Umeuliza mfanyeje safari hii, na sisi wazee tunazionaje sherehe hizi. Najibu kwa urefu kwa sababu jiko na geti la sherehe za wajukuu nimevishika sana, na kinachoziharibu ni kilekile karibu kila mara.

Ni saa. Watoto wengi wa umri huo bado wanalala mchana, kati ya saa saba na saa tisa, na ikifika saa mbili usiku wanatakiwa kuwa kitandani. Sasa angalia tunavyofanya: mwaliko unasema saa tisa alasiri, wageni wanaanza kuonekana saa kumi na moja, msherehesaji anashika kipaza sauti saa kumi na mbili, keki inakatwa saa moja na nusu usiku. Kwa mtu mzima hiyo ni jioni nzuri. Mtoto yeye usingizi wa mchana ameukosa kwa kelele za kupanga viti, chakula chake cha kawaida hakupewa kwa kuwa kila mtu anasema "si kuna sherehe", amevalishwa gauni la neti linalomwasha shingoni, na amepita mikononi mwa watu asiowafahamu. Akilia tunasema anadeka. Hadeki, amechoka na ana njaa.

Kwa hiyo fanya asubuhi. Saa nne hadi saa sita, saa mbili tu, na uziandike zote kwenye mwaliko, ya kuanza na ya kumaliza. Watoto wakifika waachiwe wacheze tu kwa dakika thelathini au arobaini, bila programu, maana mtoto mdogo anahitaji muda wa kuzoea mahali kabla hajaweza kufurahi. Saa nne na dakika arobaini na tano wale vitafunio. Saa tano na robo keki. Saa tano na nusu mchezo mmoja na hadithi, saa sita kasorobo vifuko vya kuondokea, saa sita watoto wanaaga. Keki ikatwe saa tano na robo hata kama shangazi amepiga simu kwamba yuko Ubungo kwenye foleni. Mtabakiza kipande chake. Ukimsubiri mmoja utawasubiri wanne, na mtoto ndiye atakayelipa.

Kisha watu wazima wale pilau saa saba, mtoto akiwa amelala chumbani kwake. Hapo ndipo muziki, hotuba na mazungumzo ya wakwe vinapata nafasi yake. Ukizitenganisha hizo sherehe mbili, kila moja inakuwa na raha. Kama asubuhi haiwezekani kabisa, basi anza saa kumi, mtoto akishaamka, na umalize saa kumi na mbili kabla giza halijaingia na mbu hawajatoka.

Umeuliza tunazionaje. Wengi wa rika langu hatukukatiwa keki, na wako wazee ambao tarehe yao ya kuzaliwa iliandikwa kwa kukisia, mtu akijulikana tu kwamba alizaliwa mwaka fulani wa njaa au wa mvua kubwa. Lakini si kweli kwamba watoto hawakusherehekewa. Kulikuwa na mtoto kutolewa nje, kulikuwa na arobaini, Waislamu wana akika siku ya saba, Wakristo wana ubatizo. Tofauti ninayoiona ni kwamba katika shughuli hizo mtoto hakutakiwa kufanya chochote. Alikuwa mikononi mwa mama yake, amelala au ananyonya, na watu wazima wakawa wanafanya ya kwao. Sherehe ya keki imemgeuza mtoto kuwa mtendaji: asimame mbele, azime mishumaa, akate, alishe watu, atabasamu kwenye kamera, aseme asante kwenye kipaza sauti. Mtoto wa miaka tisa anaweza na anapenda. Wa miaka mitatu ni wachache wanaoweza. Keki siipingi hata kidogo, ninaipenda. Ninachotaka ni mtoto apunguziwe kazi.

Kazi kubwa kuliko zote ni kulishana keki, na hapa nikae kidogo. Desturi yetu ni kwamba mtoto anawalisha wazazi, kisha anaitwa babu, bibi, mjomba, shangazi, mama wa ubatizo, majirani, wafanyakazi wenzake baba, na kila anayeitwa naye anamlisha mtoto. Watu kumi na watano wakimlisha kipande chenye krimu, hata kiwe kidogo cha gramu kumi, hizo ni gramu 150 za keki kwa mtoto mwenye kilo kumi na nne, ndani ya dakika kumi, huku vidole na uma zile zile zikizunguka midomo ya watu. Ndiyo maana usiku anatapika. Halafu kuna vile vijiti vya kuchokolea meno vinavyotumika kuchoma vipande: mtoto haelekezi, anasukuma, na mtu akigeuza uso kijiti kinaingia kwenye ufizi, au mtoto anageuka na kijiti mdomoni akakimbia nacho.

Fanya hivi. Keki ikatwe na mzazi, mkono wa mtoto ukiwa juu ya mkono wako, mara moja tu kwa picha. Amlishe mama na baba kwa kijiko, basi. Wazee wa pande zote mbili wasimame pamoja, wapewe sahani moja, na mtoto aipeleke kwao kwa mikono yake. Watoto wa umri huo wanapenda sana kubeba kitu na kumpelekea mtu, hiyo kwao ni heshima kubwa kuliko kulisha. Akitaka kuendelea kugawa sahani za karatasi kwa wageni, mwache agawe. Akichoka, mwingine aendelee. Mwambie msherehesaji mapema, siku moja kabla, majina ya watakaoitwa, na umwombe asiongeze hata mmoja. Wakwe wakinuna mwambie mumeo azungumze na upande wake, wewe uzungumze na wako.

Suala la kumwagiana maji: kwa mtoto mdogo liache. Mtu mzima akimwagiwa ndoo anacheka kwa sababu anaelewa. Mtoto anashtuka, anavuta maji puani, anateleza kwenye vigae, na mara nyingi waya za spika ziko palepale chini. Unga na mayai ndiyo kabisa, vinamwingia machoni. Wakitaka maji, weka beseni pana lenye maji kina cha vidole vitatu, vikombe vya plastiki na mtu mzima amekaa pembeni yake, na maji yamwagwe mara mchezo unapoisha. Mtoto anaweza kuzama kwenye ndoo iliyojaa nusu, kwa hiyo kabla wageni hawajafika zungukia ndoo, mapipa na mfuniko wa simtanki au kisima cha maji, vyote vifunikwe au vimwagwe.

Sasa keki yenyewe. Kwa watoto kumi na wawili kwa kipande cha gramu 50, na watu wazima kumi na wawili kwa gramu 80, unapata kilo moja na nusu na ziada kidogo. Keki ya kilo mbili inatosha na inabaki. Usidanganywe kuagiza ya ghorofa tatu. Muulize mwokaji maswali haya: ndani kuna vijiti vingapi vya kushikilia ghorofa, na viko wapi? Andika idadi, na unapokata uvihesabu vyote vitoke. Mapambo ya juu yana waya au pini? Zile shanga za fedha za sukari ni ngumu kama kokoto, zisiwekwe. Ndani kuna karanga au korosho? Uliza wazazi wa watoto wengine kama kuna mwenye mzio wa karanga, mayai au maziwa, na uulize kwa ujumbe binafsi maana kwenye kundi watu hawajibu. Rangi nyeusi, nyekundu iliyokolea na bluu ya giza zinapaka midomo, meno na nguo, na zinahitaji rangi nyingi kiasi cha kuleta uchungu. Rangi hafifu zinatosha.

Joto la Dar na unyevu wake ni adui wa keki. Krimu ya siagi inaanza kulegea ikifika nyuzi joto 30, na mchana wa Desemba hadi Machi tunapita hapo. Krimu ya kupiga ya maziwa ndiyo inayoanguka kwanza. Keki iliyofunikwa kwa fondanti, lile ganda laini la sukari, nayo ina ugonjwa wake: ikitoka kwenye friji na kuingia kwenye hewa yenye unyevu inatoa jasho, inang'aa na kunata, rangi zinachuruzika. Ikianza kutoa jasho usiifute kwa kitambaa, utaichubua. Iweke mbele ya feni na itakauka yenyewe. Keki ya krimu itoke kwenye friji dakika ishirini tu kabla ya kukatwa, na isikae juani kusubiri picha.

Ukioka mwenyewe, kipimo cha uhakika ni siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 250, mayai manne makubwa, vijiko viwili vya chai vya baking powder (si hamira ya maandazi), chumvi kidogo sana, vanila kijiko kimoja cha chai, na maziwa vijiko viwili vitatu vya chakula kama mchanganyiko ni mzito. Hiyo inajaa kwenye chombo cha inchi nane au tisa na inatoa keki ya karibu kilo moja. Vitu vyote viwe na joto la chumba. Piga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe na vyepesi, kama dakika nane kwa mwiko, ndipo uingize yai moja moja. Mayai yakitoka kwenye friji moja kwa moja mchanganyiko unakatika, unaona chembechembe kama maziwa yaliyoganda. Ongeza kijiko cha unga, utarudi. Unga ukishaingia usipige tena, changanya tu mpaka usionekane, la sivyo keki inakuwa ngumu kama mkate. Ovena nyuzi 170, dakika arobaini hadi hamsini.

Kwa mkaa inatoka vizuri kabisa. Chukua sufuria nzito kubwa, weka mchanga mkavu chini kiasi cha vidole viwili, funika ipate moto dakika kumi. Weka chombo cha keki ndani, kisiguse kuta. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini yabaki machache yaliyoanza kufanya majivu. Watu wengi wanafanya kinyume, ndiyo maana chini inaungua na katikati ni uji. Usifunue kabla dakika ishirini na tano hazijapita, upepo ukiingia katikati inazama. Juu ikipasuka mapema moto wa juu ni mkali, punguza makaa mawili matatu. Choma katikati kwa kijiti, kikitoka kikavu imeiva. Kwa krimu, siagi gramu 250 kwa sukari ya unga gramu 500, na wakati wa joto badilisha nusu ya siagi kwa majarini ngumu, itasimama zaidi ingawa ladha itapungua kidogo.

Mishumaa iweke kwenye keki ndogo ya kikombe, pembeni. Mtoto anapopuliza, mate yote yanabaki kwenye kikeki chake, na keki ya wageni inabaki safi. Nywele zifungwe nyuma, hasa rasta na nywele za bandia, maana zinashika moto upesi na kuyeyuka kwenye ngozi, na gauni la neti vilevile. Mtu mmoja amshike kiunoni kutoka nyuma. Zile fataki za keki zinazorusha cheche juu ziache, zinawaka kwa zaidi ya nyuzi 1000 na kijiti chake kinabaki cha moto hata cheche zikizimika, nacho ndicho mtoto anachokimbilia kushika. Na lile povu jeupe la kwenye kopo, wanaloliita theluji: gesi inayolisukuma ni ya kuwaka. Povu na mishumaa visiwe sehemu moja kamwe. Mtoto akiungua, maji safi ya bomba yatiririke juu ya jeraha dakika ishirini. Si dawa ya meno, si siagi, si asali, si yai.

Kuna mshumaa mmoja wa maua unaofunguka na kuimba. Ndani yake mna betri ndogo za duara, zile kama sarafu, na zimo pia kwenye vitu vingi vya kuchezea vinavyowaka taa na kadi za kuimba. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ikitokea, au hata ukishuku tu kwamba imetokea, ni hospitali hapohapo, usimtapishe na usisubiri itoke chooni. Mshumaa huo mimi naomba usinunuliwe.

Chakula cha watoto ni tofauti na cha wakubwa. Pilau ya wageni ina karafuu nzima, vipande vya mdalasini, pilipili manga na mifupa, vyote hivyo mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvitenga. Pika sufuria ndogo ya wali wa nazi na kuku asiye na mfupa aliyechambuliwa kwa mkono, au viazi vya kuchemsha vilivyokaangwa kidogo. Ongeza ndizi mbivu, tikiti lililotolewa mbegu, embe lililokatwa vipande virefu, sambusa ndogo moja moja zisizo na pilipili, maandazi madogo. Karanga, bisi, pipi ngumu, ubuyu wenye mbegu na zabibu nzima visiwepo kabisa mahali wanapofikia walio chini ya miaka minne. Soseji usiikate duara, maana duara linaziba koo sawasawa. Ikate kwa urefu mara nne ndipo uikate vipande. Wale wakiwa wamekaa mkekani. Anayekula huku anaruka ndiye anayekabwa.

Na akikabwa, dalili ni ukimya: hakohoi, halii, midomo inabadilika. Mwinamishe kichwa chini ya kifua, mpige kwa kisigino cha mkono katikati ya mabega mara tano. Haijatoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu na chini ya kifua, vuta kwa nguvu ndani na juu mara tano. Rudia kwa zamu huku mwingine anatafuta gari. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hafanyiwi tumbo, anabinywa kifua. Usichokoe koo kwa kidole kama kitu hukioni, utakisukuma. Wote mtakaokuwa zamu siku hiyo mjifunze haya kabla.

Juisi iwe ya matunda na maji yaliyochemshwa, nusu kikombe cha chai kwa mtoto, baada ya hapo maji. Soda ibaki kwa wakubwa. Pilau ya watu wazima: kilo moja ya mchele inatosheleza watu saba au nane, kwa hiyo kwa watu wazima kumi na wawili, wapishi na mabakuli ya watakaopitia mlangoni, kilo mbili na nusu na nyama kilo mbili. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali saa moja. Wali na kuku ndivyo vinavyoongoza kuharisha watu siku ya pili, na kinachoponza ni kupika alfajiri kisha kuacha sufuria limefunikwa likiwa vuguvugu mpaka mchana. Pika karibu na saa ya kula.

Puto. Zipulizwe kwa pampu na mkubwa, na zifungwe juu, mikono ya watoto isizifikie. Puto lisilopulizwa au kipande cha lililopasuka kikiingia mdomoni kinajipaka kwenye koo na hakitoki kirahisi kwa kupigwa mgongo. Kila linalopasuka, mtu wa karibu aokote vipande palepale. Kama mnanunua yale yanayopaa, muulize muuzaji gesi gani: heliamu haiwaki, haidrojeni inalipuka. Asiyeweza kujibu usinunue kwake.

Mapambo mengine sina la kusema, kitambaa kimoja nyuma ya meza kinatosha.

Jumba la kurukia la upepo, kama mnakodi: lifungwe kwa vigingi au mifuko ya mchanga pembe zote, si kwenye nguzo za geti. Upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, yaani miti midogo inapoanza kuyumba, watoto watolewe. Wadogo wasiingie pamoja na wa miaka nane, kwani mkubwa akimwangukia mdogo anamuumiza. Umeme ukikatika jumba linalala juu ya watoto ndani ya muda mfupi, kwa hiyo mtu mzima asimame mlangoni mwake muda wote, si kijana mwenye simu. Jenereta likae nje, mbali na madirisha, kwa sababu ya moshi wake. Kwa uwanja wenu mdogo nisingelikodi. Mwenye kuvaa kikaragosi naye, wale wenye vichwa vikubwa vya manyoya, watoto wa miaka miwili na mitatu wengi wanamwogopa. Akija asimame mbali, mtoto aende mwenyewe akitaka.

Muziki uwe wa kiwango ambacho unaweza kuzungumza na mtu aliye hatua moja mbele yako bila kupaza sauti. Mchezo mmoja unatosha: ukuti, washikane mikono wazunguke na kuanguka pamoja. Michezo ya kutoana, ile ya kuondoa kiti kimoja kimoja, kwa umri huu inazalisha kilio tu. Kisha hadithi. Hapa ndipo bibi au babu ana kazi ambayo hakuna msherehesaji anayeiweza. Paukwa, pakawa, dakika saba hadi kumi, hadithi yenye sungura na fisi na maneno ya kurudiarudia ili watoto wajibu. Isizidi hapo.

Kuhusu sisi wenyewe. Wazee watafutiwe viti vyenye mgongo, kivulini, mbali na spika na karibu na choo kisicho na ngazi. Wengi tuna sukari au presha, tunatakiwa kula kwa saa na dawa zetu, kwa hiyo tusingojeshwe mpaka hotuba ziishe. Sahani ya matunda yasiyo matamu sana, mboga na nyama iwe tayari saa sita. Na hapa nasema kwa wazee wenzangu wanaosoma: mikoba yetu ina vidonge. Kidonge kimoja cha glibenklamaidi, dawa ya kawaida ya kisukari, kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo mpaka apoteze fahamu. Mkoba usiwekwe chini ya kiti. Mwenye nyumba apokee mikoba yote na kuiweka juu ya kabati. Vilevile mafuta ya taa, jiki na sumu ya panya vilivyowekwa kwenye chupa za soda viondolewe nyumbani siku moja kabla. Aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi, anakimbizwa hospitali na chupa yenyewe.

Mtoto asilazimishwe kukumbatiwa wala kubusiwa na kila mzee. Akisema shikamoo kwa mbali amesalimia, mwitikie. Mzee mwenye kikohozi abaki nyumbani, atapelekewa keki. Na kama upande mmoja wa familia hauafiki sherehe za kuzaliwa kwa sababu ya dini, usiwavizie. Waambie mapema, uwaalike kwenye chakula cha saa saba na dua, watakuja kwa moyo mweupe.

Gawa zamu kabla: mmoja getini, asiondoke kwa sababu yoyote, maana barabara iko pale, mmoja mlango wa jikoni, kwa ajili ya jiko na maji ya moto, mmoja choo, na mmoja wa mtoto mwenye sherehe, ambaye hana kazi nyingine. Huyo ndiye anayemjua: akianza kujisugua macho, kuvuta sikio, kung'ang'ania mguu wa mama, anambeba chumbani, pazia lishushwe, maji, dakika kumi bila simu wala mgeni. Mara nyingi anarudi mwenyewe akitaka kucheza. Asiporudi, aachwe, na sherehe iendelee bila yeye.

Michango usichangishe. Kwa sherehe ya mtoto wa miaka mitatu punguza ukubwa mpaka uweze kuilipia mwenyewe. Zawadi zifunguliwe wageni wakishaondoka, uandike nani kaleta nini ili ushukuru, utoe mbili tatu za kuchezea na nyingine uzifungie kabatini, utatoa moja moja kila baada ya wiki chache. Kila cha betri ukague kama kifuniko kina skrubu. Picha za mtandaoni zisioneshe tarehe kamili ya kuzaliwa, sare ya shule wala namba ya nyumba, na watoto wa wengine uombe ruhusa ya wazazi wao kwanza.

Jioni kabla hujalala pitia sakafu na uwanja kwa tochi, ukiwa umeinama kwa kimo cha mtoto: vipande vya puto, vijiti, betri, vifuniko vya chupa, vibiriti. Keki ya krimu iliyobaki iingie kwenye friji siku hiyohiyo na iliwe ndani ya siku tatu. Wali uliolala nje usiku, hata kama unanukia vizuri, umwage.